Barua ya wazi: Mtu mzima aliyezama kwenye gemu naye apate pa kutibiwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam. Na Waganga Wakuu wa Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

YAH: WATU WAZIMA WALIOSHINDWA KUJITOA KWENYE GEMU

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mshauri nasaha, nafanya kazi na watu wazima upande wa Temeke. Nawaandikia kwa sababu kuna watu wanaonijia ambao nikishamaliza kuwasikiliza sina pa kuwapeleka. Wana kazi, wana ndoa, wana watoto wanaosoma. Pombe hawagusi, bangi hawavuti, wengi wao hata kubeti hawabeti. Wanacheza gemu. Wanacheza mpaka adhana ya alfajiri, wanaingia kazini na macho mekundu, wakirudi wanaanza tena, na kila mmoja ameshajiapiza kuacha zaidi ya mara moja akashindwa.

Najua gemu zikitajwa maofisini, anayefikiriwa ni mtoto aliyetoroka shule akajificha kwenye kibanda. Mtoto ana watu wengi wa kumsemea. Hata nchi zilizotunga sheria kali zimewatungia watoto. Korea Kusini mwaka 2011 ilikataza walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kisha sheria hiyo ikaja kufutwa na kukoma mwanzoni mwa 2022. China tangu mwaka 2021 inawaruhusu walio chini ya miaka 18 saa moja tu kwa siku, tena Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mtu wa miaka 35 mwenye familia hawezi kupangiwa na serikali saa ya kuzima simu, na mimi siombi apangiwe. Nawaandikia ninyi wa afya na tawala za mikoa kwa sababu naliona hili kuwa jambo la matibabu na la maisha ya mtaani, na polisi hawana cha kulifanyia.

Lipo jina lake kitabibu. Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, likaanza kutumika rasmi Januari 1, 2022. Humo, chini ya magonjwa yatokanayo na tabia za uraibu, yamewekwa mawili: ugonjwa wa kamari, namba 6C50, na ugonjwa wa kucheza gemu, namba 6C51. Dalili zake ni tatu. Mtu ameshindwa kujitawala: lini aanze, acheze kwa muda gani, aache saa ngapi. Gemu imepanda juu ya mambo mengine yote ya maisha yake. Na anaendelea, au anazidisha, huku akiona kwa macho yake madhara yanayomfika. Hali hiyo iwe imemharibia kweli nyumba, kazi, masomo au mahusiano, na kwa kawaida iwe imedumu walau miezi 12.

Nasisitiza ukali wa vigezo hivyo, maana sitaki barua hii isomwe kama lawama kwa kila mwenye simu. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2013 kililiweka tatizo hili kwenye kundi la mambo yanayohitaji kuchunguzwa zaidi. Wapo wanasayansi wanaoheshimika waliolipinga Shirika la Afya Duniani waziwazi, wakihofia kwamba watu wenye afya zao watabandikwa ugonjwa, na kwamba sonona au wasiwasi uliojificha nyuma ya gemu hautatafutwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanyika Marekani, Uingereza, Kanada na Ujerumani, ulikadiria kwamba wanaoweza kufikia vigezo vile vya Wamarekani ni kati ya asilimia 0.3 na 1 ya watu wote. Ni wachache, hilo nalikubali. Lakini sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na katika umati huo hata wachache ni umma. Asilimia za Ulaya na Marekani haziwezi kubebwa zikaletwa Mbagala zikawa zetu. Tunahitaji za kwetu, na ninyi ndio mnaoweza kuagiza zipatikane.

Kosa ninaloliona kila siku, kwa wake, waume, wazazi na hata wenzangu wa taaluma, ni kuhesabu saa. "Anacheza saa tano!" Nami huuliza: halafu? Chuo Kikuu cha Oxford kiliwafuatilia wachezaji karibu 39,000 wa gemu saba tofauti, kwa kutumia kumbukumbu halisi za muda waliocheza badala ya kuwaamini kwa maneno. Matokeo yalitolewa mwaka 2022, na hawakukuta ushahidi wa maana kwamba kuongeza au kupunguza saa kunabadilisha furaha na utulivu wa mtu. Kilichokwenda sambamba na hali ya mtu ni sababu ya kucheza kwake: anacheza kwa kupenda, au anacheza kwa sababu ndani yake kuna kitu kinamsukuma hata asipotaka? Mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Vallerand, alishaligawa jambo hili tangu 2003. Kuna mapenzi ya kitu ambayo mtu anayashika, na kuna mapenzi ambayo yanamshika yeye.

Sasa naomba mnivumilie nieleze habari za kaka mmoja. Mwenyewe ameniruhusu, na nimebadilisha yote yanayoweza kumtambulisha.

Ana umri wa miaka thelathini na kitu, anatunza stoo ya duka Kariakoo. Aliyefika kwangu kwanza ni mkewe. Alikaa, akavua mtandio, akasema, "Dada, bora angekuwa na mwanamke. Ningejua wa kugombana naye." Wamepanga chumba na sebule, watoto wanalala sebuleni, kwa hiyo usiku mume hutoka uani akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa karibu na choo, simu imechomekwa kwenye powerbank, spika ya sikio ameweka moja tu ili mdogo akilia amsikie. Mkewe alilitaja hilo la spika moja kwa hasira, lakini mimi lilinigusa. Mtu aliyeacha sikio moja wazi kwa ajili ya mwanawe hajaikimbia familia. Kuna kingine anachokikimbia.

Alipokuja mwenyewe, baada ya kusitasita sana, alinieleza timu yake. Wako wanne. Mmoja yuko Mwanza, mmoja Mombasa, wa nne hajui anaishi wapi ila anaifahamu sauti yake kuliko ya majirani zake. Yeye ndiye kiongozi wao: ndiye anayesema washuke wapi kwenye ramani, nani atangulie, nani abaki nyuma kulinda. Zamani alikuwa msimamizi wa watu kwenye kampuni. Kazi ikapunguzwa, akapunguzwa nayo, akaishia kubeba maboksi chini ya kijana mdogo kwake kwa miaka mingi. Akaniambia: "Kule nikisema tusogee, wanasogea. Dukani nikifungua mdomo naambiwa nibebe mzigo."

Waheshimiwa, sentensi hiyo ina saikolojia yote ninayotaka kuwaeleza. Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani, wamefanya kazi kwa miongo kadhaa kuonyesha kwamba binadamu, tajiri kwa maskini, ana mahitaji matatu ya nafsi: kujiamulia mambo yake, kujiona anaweza kitu, na kuwa na watu wanaomjali. Gemu iliyotengenezwa vizuri inampa mtu yote matatu kwa bei ya bando, saa yoyote ya usiku. Unachagua njia yako. Ukikosea unarudia, ukiweza unapandishwa daraja na wote wanaona. Una wenzako wanaokusubiri. Hakuna ubaya wowote katika hayo, na mtu anayeyapata pia nyumbani, kazini na msikitini au kanisani, gemu kwake itabaki burudani. Hatari inaanza pale ambapo kule ndiko mahali pekee alikobaki anahesabika.

Ndiyo maana kumnyang'anya simu hakusaidii. Mkewe alishaificha, akaificha tena, na kilichofuata ni ugomvi na kununua simu nyingine kwa mkopo. Watafiti kadhaa, hasa kuanzia 2014, wamekuwa wakitushauri tuitazame tabia hii kama njia ya mtu kufidia kitu kilichopungua maishani mwake. Ukiiondoa fidia bila kugusa upungufu, umemwachia maumivu yaleyale na umemwondolea pa kupumzikia. Sonona nayo inaingia na kutoka kwa milango yote miwili. Aliyekata tamaa huingia kwenye gemu ili asifikiri. Halafu kukesha, kukosa chakula cha maana, deni na aibu vinamzidishia kukata tamaa. Ukimkuta katikati ya mzunguko huo huwezi kujua kwa kumtazama tu ni kipi kilianza. Inabidi kuuliza, na kuuliza kunataka mtu aliyefundishwa na aliyepewa muda.

Kaka huyu alishakwenda kituo cha afya kabla ya kuja kwangu. Alisema hapati usingizi na kichwa kinamuuma. Akapimwa malaria, akapimwa presha, akapewa dawa za maumivu, akarudi nyumbani. Simlaumu daktari aliyempokea, maana foleni ilikuwa imefika nje na hakuna mahali kwenye fomu yake palipomtaka aulize, "Usiku unafanya nini?" Baadaye ndugu walimpeleka kwa shehe, wakaona huenda ana jini. Viongozi wetu wa dini siwabezi hata kidogo. Mara nyingi ndio wa kwanza kuaminiwa na familia, na shehe huyo ndiye aliyemwambia mkewe atafute mshauri. Lakini haifai iwe bahati tu kwamba mgonjwa alimkuta shehe mwenye kuona mbali.

Wanawake nao wapo, ingawa ni nadra kutajwa. Wao huja kwa kuchelewa zaidi, kwa sababu gemu zao ni zile za kupanga pipi na vito kwenye simu, hakuna anayeziona kuwa gemu. Mama mmoja, karani, alikuwa akiishiwa nafasi za kucheza saa saba za usiku na kununua nyingine kwa kadi ya benki iliyounganishwa na simu. Mwisho wa mwezi aliingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza. Mumewe alidhani anahonga. Kilichomfanya mama yule akeshe ni msiba wa mtoto ambao nyumbani ulikatazwa kuzungumzwa. Sina la kuongeza hapo.

Habari yake inanileta kwenye fedha, na hapa naona watengenezaji wana deni kwetu. Tangu enzi za B. F. Skinner katikati ya karne iliyopita inajulikana kwamba ukimpa njiwa punje kwa kubahatisha, leo adonoe mara mbili apate, kesho mara arobaini, atadonoa kwa bidii na kwa muda mrefu kuliko yule anayejua punje inakuja lini. Binadamu ni hivyohivyo. Gemu nyingi za bure za simu zinajilipa kwa kuuza masanduku ya bahati: unalipa, unafungua, hujui ndani kuna silaha ya maana au takataka. Tume ya kamari ya Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba baadhi ya masanduku hayo yanavunja sheria yao ya kamari. Tafiti zilizofanyika Ulaya na Marekani tangu wakati huo zimekuta tena na tena kwamba wanaotumia fedha nyingi humo wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na dalili za uraibu wa kamari. Sisi tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayoisimamia. Dubwi, ile mashine ya kamari iliyowekwa kwenye kona ya grosari, linajulikana ni la nani na anayeruhusiwa kulichezea ni mwenye miaka 18 na kuendelea. Naiomba Bodi itamke wazi sanduku la bahati lililomo ndani ya simu linaangukia wapi, na ishirikiane na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na kampuni za simu ili kila anayelipa aonyeshwe kwa Kiswahili, kabla ya kuingiza namba ya siri, ameshatumia shilingi ngapi mwezi huo na uwezekano wa kupata anachokitafuta ni mdogo kiasi gani. Na awe na uwezo wa kujiwekea ukomo mwenyewe, ukomo ambao hauwezi kuondolewa saa nane ya usiku akiwa amechachamaa.

Lakini nawasihi, barua hii isiwe sababu ya mtendaji wa mtaa na mgambo kwenda kubeba mashine za watu kwenye vibanda.

Nendeni jioni moja kwenye kibanda cha PlayStation, iwe Tandale, Buguruni au Mbagala. Mabenchi mawili ya mbao, runinga imefungiwa kwenye kimeza cha chuma, pedi zimezungushiwa gundi ya karatasi pale zilipopasuka, mechi moja ni mia tano, anayefungwa anapisha. Ikifika saa moja utawakuta mafundi magari na vinyozi na madereva wa bajaji, wanaume wenye mvi kidevuni, wanatukanana Simba na Yanga na kucheka mpaka machozi. Saa tatu wameshaondoka kwenda kula nyumbani. Hao ni wazima. Mimi ninavyowaona, ni wazima kwa sehemu kwa sababu ya benchi lile: wanacheza wakiwa bega kwa bega, mwenye shida anaonekana, asiyefika siku mbili anaulizwa. Mwenye kibanda mmoja aliniambia humkatalia pedi mteja aliyemjua kuwa amegombana na mkewe, humwambia akamalize kwanza. Anayenitia hofu ni yule aliye peke yake uani juu ya ndoo. Mkivunja vibanda, mtawahamishia wote huko.

Tena tusijifanye hatujui kwa nini watu wazima wa mji huu wanakosa pengine pa kwenda. Viwanja vya wazi vimejengwa fremu. Kiwanja kilichobaki kinalipiwa kwa saa. Mtu anayekaa Chanika au Mbande anaamka saa kumi usiku kuwahi gari, anarudi saa mbili usiku, amesimama njia nzima. Kijiweni kuna kahawa na kuna maneno ya madeni. Ukimwambia mtu kama huyo "achana na simu, tafuta shughuli nyingine", mwonyeshe hiyo shughuli iko mtaa gani. Wakuu wa halmashauri, kila uwanja wa shule unaofungwa geti saa tisa alasiri ungeweza kufunguliwa kwa watu wazima jioni, ukawekwa taa na mlinzi. Hiyo nayo ni tiba, na kwa wengine ndiyo tiba pekee watakayohitaji.

Mkoa huu una historia ya kujivunia katika mambo ya uraibu. Mnakumbuka watumiaji wa heroini tulivyokuwa tukiwaita mateja na kuwafukuza kwa mawe. Februari 2011 Muhimbili ilianzisha kliniki ya methadoni, dawa inayowasaidia kuachana na heroini, ya kwanza ya umma Tanzania Bara, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke. Leo watu hao wanapanga foleni asubuhi, wanakunywa dawa yao mbele ya muuguzi, wanakwenda kwenye shughuli zao, na baadhi wamerudi kulea watoto waliokuwa hawawaoni. Gemu si heroini, na silinganishi madhara yake. Ninachokumbusha ni kwamba wapo wauguzi, maafisa ustawi na washauri katika hospitali zetu waliojifunza kukaa na mtu anayerudi nyuma mara tano na kumpokea mara ya sita bila kumdhalilisha. Ujuzi huo tayari tunaulipia mshahara. Ungeweza kufundishwa kwa wengine.

Kwa ugonjwa wa gemu hakuna kidonge. Tiba iliyofanyiwa utafiti zaidi ni ya mazungumzo, ile inayomsaidia mtu kuona ni mawazo na nyakati gani zinazomrusha kwenye gemu, na kujifunza kufanya kitu kingine mawazo hayo yakija. Hufanyika kwa wiki kadhaa, na huenda vizuri zaidi familia ikishirikishwa. Uingereza ilifungua kliniki ya taifa ya kazi hiyo London mwaka 2019. Hatuhitaji kujenga jengo. Tunahitaji watu wachache waliofundishwa katika kila hospitali ya wilaya na chumba chenye mlango unaofungika. Mtaani kwetu ukimtajia mtu afya ya akili anadhani unampeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, kwa hiyo chumba hicho kisiandikwe kibao kitakachowatia watu aibu.

Hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Mganga au muuguzi wa zahanati anapompokea mtu mzima mwenye malalamiko ya kukosa usingizi, uchovu usioisha, kichwa au ugomvi wa nyumbani, aulize juu ya simu na gemu kama anavyouliza juu ya pombe na sigara. Asiulize saa ngapi. Aulize: umeshajaribu kupunguza ukashindwa? Kuna kitu cha maana umekipoteza? Ukiwa huchezi unajisikiaje? Na jibu lipate pa kuandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za vituo vya afya, kwa sababu kisichoandikwa humo hakiingii kwenye mpango wala kwenye bajeti. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaoingia majumbani kuliko sisi sote, wafundishwe maswali hayohayo. Anayepiga 199, namba ya simu ya Wizara ya Afya, kuuliza juu ya mume asiyelala akutane na mtu anayejua kwamba jambo hili lipo na linatibika. Na wenzetu wa Muhimbili, chuo na hospitali, wapewe fungu la kutengeneza dodoso fupi lililopimwa kwa Kiswahili cha hapa na kwa watu wa hapa, ili mwaka ujao tukikutana tuzungumze kwa takwimu za Dar es Salaam badala ya kukisia.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Katika kupanga vitita vya huduma, vikao vya ushauri kwa magonjwa ya uraibu wa tabia, kamari na gemu pamoja, vihesabiwe kama huduma. Fundi anayelipa bima yake haifai alipiwe sindano na anyimwe mazungumzo.

La mwisho ni saa za kliniki. Kaka wa Kariakoo amepunguza sana. Bado anacheza na timu yake Ijumaa na Jumamosi, na mkewe anajua. Ameanza kuwafundisha mpira watoto wa mtaa Jumapili asubuhi, jambo alilolichagua mwenyewe. Lakini vikao vyake nilivifanya usiku, baada ya duka kufungwa, kwenye ofisi niliyoazimwa, kwa sababu huduma za afya ya akili alizoelekezwa hufungwa kabla hajaruhusiwa kutoka kazini, na akiomba ruhusa kila wiki atafukuzwa. Watu ninaowasemea wana kazi. Naomba kila halmashauri kati ya hizo tano iwe na kliniki moja ya ushauri inayopokea watu wazima kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, walau siku mbili kwa wiki, na fungu lake lionekane katika bajeti itakayosomwa Dodoma mwaka huu. Nipo tayari kufanya kazi katika kliniki ya Temeke siku hizo zote mbili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mshauri nasaha, Temeke, Dar es Salaam

Nakala: Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania